UZI: Mgeni Tampere, Ufini: sauna ya Jumamosi, supu ya Alhamisi, na taratibu za kila siku ambazo haziuzwi kwa watalii

Msafiri wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ufini ikitajwa kwenye majukwaa yetu, maswali huwa ni yaleyale: taa za angani, Baba Krismasi wa Rovaniemi na vyumba vya barafu. Hayo yapo, ila yako mbali kaskazini, yana gharama, na sehemu yake kubwa huandaliwa kwa ajili ya mgeni. Uzi huu unahusu mambo ambayo Wafini huyafanya wiki hadi wiki hata kama hakuna mgeni anayewatazama, na ambayo mgeni anaweza kuyashiriki kwa fedha kidogo, mradi akubali kufuata siku zao, saa zao na taratibu zao. Naandika kuhusu Tampere, mji niliokaa kwa mafunzo kuanzia mwishoni mwa kiangazi hadi theluji ilipoanza kuanguka.

Tampere ni mji wa tatu kwa wingi wa watu nchini humo, baada ya Helsinki na Espoo, na kwa treni kutoka Helsinki safari huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Umekaa juu ya shingo nyembamba ya nchi kavu kati ya maziwa mawili, Näsijärvi upande wa kaskazini na Pyhäjärvi upande wa kusini. Ziwa la kaskazini liko juu kuliko la kusini kwa mita 18 hivi, kwa hiyo maji hushuka kwa kasi katikati ya mji kupitia Tammerkoski, na nguvu hiyo ya maji ndiyo iliyomvuta Mskoti James Finlayson kuanzisha karakana yake hapo mwaka 1820, karakana ambayo baadaye ilikua ikawa kiwanda kikubwa cha pamba. Nayataja haya kwa sababu bila viwanda huwezi kuzielewa sauna za mji huu. Wafanyakazi waliojazana katika mitaa kama Amuri waliishi familia moja chumba kimoja, familia nne zikigawana jiko moja, na nyumbani hapakuwa na mahali pa kuogea. Mtu aliyetoka kiwandani na vumbi la pamba kichwani alihitaji maji ya moto na mahali pa kukaa, na sauna ya umma ikampa vyote viwili kwa senti chache.

Mojawapo ya sauna hizo ipo hadi leo na inafanya kazi: Rajaportti, katika mtaa wa Pispala, iliyofunguliwa mwaka 1906, ambayo ndiyo sauna ya umma kongwe zaidi nchini Ufini miongoni mwa zile zinazoendelea kutumika. Ukifika usitarajie kioo wala marumaru. Ni jengo la kawaida lenye uwanja wa ndani, dirisha la kulipia, vyumba vya kubadilishia nguo, na sehemu mbili zilizotengwa, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake. Jiko lake ni la mawe na hukokwa kuni kwa saa nyingi kabla ya mlango kufunguliwa. Watu huingia moto ukishakufa, wakati joto lote limebaki ndani ya mawe. Kwa sababu hiyo hakuna moshi, na mvuke unaotoka maji yakimwagwa juu ya mawe, ambao wenyewe huuita löyly, humjia mtu taratibu, ukianzia mabegani. Nimeingia pia sauna za umeme za hotelini, na kwa maoni yangu hazifanani kabisa na hii: zile hukausha koo, hii hulainisha mwili mzima.

Utaratibu ni mfupi lakini haupuuzwi. Unaoga kwanza, tena vizuri, kabla ya kukanyaga chumba cha mvuke. Unakalia kitaulo chako au kikaratasi unachopewa mlangoni. Mlango unafungwa upesi nyuma yako. Benchi la juu ndilo lenye joto kali zaidi, na anayeanza hana sababu ya kuona haya kukaa la chini. Kabla ya kumwaga maji juu ya mawe unawauliza waliokuzunguka kama wanaridhia, na ukishayamwaga hutoki papo hapo ukawaachia wenzako moto uliouwasha wewe. Hilo wanalihesabu kuwa utovu wa adabu. Joto likizidi, unatoka uwanjani na taulo lako kiunoni, unakaa kwenye benchi pamoja na watu usiowajua, hata kama nje ni nyuzi mbili tu juu ya sifuri, na miili yote ikifuka mvuke kama vyungu vilivyoepuliwa. Kisha unarudi ndani. Mzunguko huo hurudiwa hadi mtu atosheke, na hakuna anayetazama saa.

Siku yenyewe ya sauna kwa desturi ni Jumamosi. Wazee wa huko husimulia kwamba zamani sauna ndiyo ilikuwa chumba safi kuliko vyote nyumbani, ndiyo maana wanawake walijifungulia humo na maiti zilioshewa humo, na hadi leo watoto hufundishwa kutulia ndani ya sauna kama watu wanavyotulia kanisani. Ufini ina watu takriban milioni 5.5 na sauna zaidi ya milioni 3. Mwaka 2018 Tampere ilijitangaza kuwa mji mkuu wa sauna duniani, na mwaka 2020 UNESCO ikaingiza utamaduni wa sauna wa Ufini katika orodha yake ya urithi usioshikika. Tangazo la 2018 lina harufu ya biashara, sikatai, lakini foleni ya Jumamosi jioni pale Pispala ni ya wenyeji, wengi wao wamebeba ndoo na vifaa vyao wenyewe kutoka nyumbani.

Nitaendelea na chakula na kahawa. Kama kuna maswali, karibuni.

Mama Zuhura

Mwanangu, ahsante kwa maelezo yaliyotulia. Nina binti anayekwenda masomoni huko mwakani, na nimebaki na mawili moyoni. La kwanza ni hili la sitara: je, ndani humo watu huwa uchi? La pili ni chakula, maana nasikia nchi hiyo haili kitu bila nguruwe.

Msafiri wa Pangani

Shikamoo Mama Zuhura. Maswali yako ndiyo niliyokwenda nayo mimi mwenyewe, kwa hiyo nitayajibu bila kuzunguka.

Kuhusu sitara: katika sauna za jadi kama Rajaportti, wanawake huingia na wanawake na wanaume na wanaume, na wengi huwa bila nguo, kwani nguo za kuogelea zilizoloa maji ya dawa ya bwawa hazipendwi kwenye joto lile. Hata hivyo, mtu anayejifunga taulo haulizwi neno. Sauna za kando ya ziwa, kama Rauhaniemi iliyo ufukweni mwa Näsijärvi, huchanganya jinsia zote, na humo kila mtu huvaa vazi la kuogelea. Binti akitaka kuvaa vazi refu la kuogelea, atavaa. Njia yenye sitara zaidi ni ya tatu, ambayo watu wa nje hawaijui: majengo mengi ya makazi, pamoja na hosteli nyingi za wanafunzi, yana sauna yake ya chini au ya juu ambayo mkazi huiwekea zamu kwa saa moja kila wiki, akaingia peke yake au na rafiki zake na kufunga mlango kwa ndani. Naongeza jambo ambalo litakufurahisha, mama. Karibu kila choo cha nyumba ya Mfini kina bomba dogo la mkono lililoning'inizwa kando ya sinki, kwa ajili ya kujisafishia kwa maji. Wengi wetu huhangaika na jambo hilo Ulaya nzima, lakini Ufini binti yako hatabeba kopo.

Kuhusu chakula: nguruwe yupo kweli, na kitoweo ambacho Tampere inajivunia kuliko vyote ni mustamakkara, soseji nyeusi ya nyama ya nguruwe, damu na nafaka, inayouzwa moto kwenye uwanja wa soko wa Tammelantori. Mnunuzi hataji uzito wala idadi. Humwambia muuzaji anataka ya euro ngapi, naye hukata kwa makadirio ya jicho, kisha huliwa na jamu ya puolukka, vitunda vidogo vyekundu vyenye ukali, pamoja na maziwa baridi. Mimi ni Mwislamu na sikuila. Nilisimama hapo kwa ajili ya kuangalia watu, na naona asubuhi ya Jumamosi kwenye soko lile inatosha bila soseji: wazee wanakunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi wakiwa wamesimama, na wauzaji wanapima viazi, uyoga na matunda ya porini.

Binti aangalie vyakula hivi. Muikku ni visamaki vidogo vya maziwani vinavyogaagazwa kwenye unga wa rai (nafaka inayofanana na ngano) na kukaangwa kwa siagi, huliwa vizima. Supu ya samoni huwa na viazi, maziwa au krimu, na bizari ya majani juu yake. Karjalanpiirakka ni kijimkate chembamba cha rai kilichojazwa uji wa wali na kupakwa siagi iliyopondwa pamoja na mayai ya kuchemsha. Kinauzwa kila duka na ndicho kifungua kinywa changu kilichonisaidia zaidi. Mkate wa rai wenyewe, mweusi na mchachu, ndio ulioshinda kura ya chakula cha taifa mwaka 2017, nchi ilipotimiza miaka 100 ya uhuru. Mtu mzima kunywa maziwa au mtindi pamoja na chakula cha mchana ni jambo la kawaida kabisa, na hakuna atakayemwona mtoto.

Tahadhari moja ni ya Alhamisi. Siku hiyo kantini za kazini, za wanajeshi na mikahawa mingi ya mchana hupika supu ya njegere kavu na baada yake chapati za maji zenye jamu. Desturi hii kwa kawaida huhusishwa na zama za Ukatoliki, kabla ya karne ya 16, ambapo Ijumaa ilikuwa siku ya mfungo na watu walihitaji chakula kizito siku iliyotangulia. Mfungo umekwisha zamani, supu imebaki. Mara nyingi huwa na vipande vya nguruwe, kwa hiyo aulize. Siku hizi mikahawa mingi hupika pia sufuria ya pili isiyo na nyama.

Sasa kahawa. Wafini wamo miongoni mwa watu wanaokunywa kahawa nyingi zaidi duniani kwa kila kichwa, na mapumziko ya kahawa yameandikwa hata katika mikataba ya pamoja ya kazi, kwa hiyo mwajiri hawezi kuyafuta kwa kupenda kwake. Hukaangwa kidogo tu, ikawa na rangi hafifu na uchachu, huchujwa kwa karatasi, na hunywewa kwa vikombe vikubwa. Mtu aliyezoea kahawa chungu ya pwani yenye tangawizi ataiona nyepesi mwanzoni. Kinachoandamana nayo ndicho kilichonishika: mikate mitamu ya pulla na korvapuusti, ambayo lazima iwe na iliki. Kwenye mnara wa Pyynikki, uliojengwa mwaka 1929 juu ya tuta refu la kokoto lililoachwa na barafu ya kale, kuna mkahawa unaokaanga munkki, yaani donati za Kifini, mbele ya macho yako, na ukitafuna unakutana na iliki ileile. Foleni ya Jumapili ni ndefu kupita kiasi. Mwende asubuhi ya siku ya kazi.

Mkaazi wa Hervanta

Nimeishi Tampere kwa miaka mingi, na naomba nimwongezee ndugu Msafiri pale alipopita haraka, kwa kuwa mengi ya desturi za huku yako nyumbani kuliko mjini.

Ukialikwa nyumbani, mwaliko huwa wa kahawa, na saa iliyotajwa ndiyo saa yenyewe. Ukifika kabla, unazunguka jengo hadi wakati utimie. Viatu vinavuliwa mlangoni bila mjadala, ndiyo maana soksi nzuri za sufu ni sehemu ya heshima ya mtu. Mwenyeji atakuwa ameandaa mkate wa iliki, biskuti na pengine keki, na mgeni hutarajiwa kuonja kila kilichowekwa. Jikoni, juu ya sinki, utakuta kabati lisilo na sakafu bali fito tu, ambamo vyombo vilivyooshwa hupangwa na maji yake kudondokea sinkini. Kabati hilo lilitengenezwa miaka ya 1940 katika kazi ya Maiju Gebhard, aliyekuwa akichunguza ni muda gani mama wa nyumbani hupoteza kwa kazi za kila siku, na leo ni nadra kuona jiko la Kifini lisilo nalo. Mimi nadhani ni uvumbuzi bora kuliko simu zilizoipatia nchi hii sifa.

Jambo la pili ni msitu. Sheria ya desturi inayoitwa jokamiehenoikeudet inampa kila mtu, raia na mgeni, haki ya kutembea msituni na kuchuma matunda ya porini na uyoga bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa, mradi asisogelee ua wa nyumba ya mtu, asiharibu miti, na asiwashe moto bila idhini. Mustikka, matunda ya buluu, huiva kuanzia mwishoni mwa Julai, na puolukka huiva Septemba. Msitu wa Kauppi unaanza karibu kabisa na ile sauna ya Rauhaniemi, kwa hiyo mtu anaweza kuchuma jioni, kisha akaoga. Wenyeji hujaza ndoo nzima na kuzigandisha kwa ajili ya uji wa majira ya baridi.

La tatu linahusu wanaotaka kutumbukia ziwani wakati wa baridi. Pale Rauhaniemi tundu la maji huachwa wazi katikati ya barafu majira yote. Vaeni viatu vya mpira au soksi nene kwa ajili ya njia, kwa sababu nyayo zilizoloa hunata kwenye kitu kilichoganda. Teremkeni kwa ngazi, msiruke. Pumueni nje polepole maji yanapofika kifuani, mhesabu sekunde chache, mtoke. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na hakuna atakayeingia akiwa amelewa.

Kijana wa Eldoret

Asanteni wakubwa. Mimi nina maswali mawili. Nilipita Helsinki nikielekea mashindano, na hakuna aliyenisemesha kwenye basi wala tramu. Nilihisi kama hawapendi kuniona. Je, mgeni anaweza kweli kuyaingia mambo haya ikiwa watu wenyewe hawafungui mdomo? Na je, gharama ikoje kwa mtu asiye na posho ya maana?

Msafiri wa Pangani

Ndugu yangu, ubaguzi upo Ufini kama ulivyo kwingine, na sitamwambia mtu aliyeuonja kwamba alikosea. Lakini ukimya wa kwenye tramu si kipimo chake, kwa sababu Wafini wenyewe kwa wenyewe hukaa hivyo. Tramu ya Tampere, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2021, hujaa kwa mpangilio unaotabirika: kila kiti cha pembeni mwa dirisha huchukuliwa kwanza, na hakuna anayekaa kando ya mwenzake hadi viti vya peke yake viishe. Kwenye duka la dawa unachukua karatasi ya namba na kusubiri iitwe, ili mtu asilazimike kuuliza nani alikuwa wa mwisho. Kumwacha mtu bila kumsemesha kwao ni njia ya kumstahi. Mtu huyohuyo aliyekupita kituoni bila kukutazama ndiye atakayekuuliza kwenye benchi la sauna unatoka wapi na kwenu mvua hunyesha lini, na atasikiliza jibu hadi mwisho. Mazungumzo marefu zaidi niliyoyafanya Tampere yalikuwa pale uwanjani Pispala, na mengi yalianzishwa na wao. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiende kutafuta urafiki kwenye basi. Nenda mahali ambapo desturi yao inaruhusu kuzungumza, na urudi hapohapo siku ileile ya wiki, kwani watu wa sauna ni walewale na sura hukumbukwa.

Kuhusu gharama, tiketi ya sauna ya umma haifiki euro 20, na unaweza kukaa jioni nzima. Chakula cha jioni cha mkahawani ni ghali, lakini siku za kazi, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, mikahawa huuza lounas, chakula cha mchana cha kujipakulia chenye saladi, mkate, chakula cha moto na kahawa baada yake, kwa euro 12 hadi 15 hivi. Kuleni hicho mshibe, jioni mkate na samaki wa dukani vitatosha. Maji ya bombani ni mazuri, msinunue ya chupa. Mkinunua soda, msitupe kopo: bei yake ina amana iitwayo pantti, senti 15 kwa kopo la bati na senti 40 kwa chupa kubwa ya plastiki, na mashine iliyo ndani ya duka kubwa huzipokea na kukupa risiti ya kukatwa kwenye ununuzi wako. Utawaona hata watu wenye mishahara mizuri wakiingia na mifuko ya makopo matupu.

Mwisho kuhusu majira, maana nimeulizwa pia kwa ujumbe wa faragha. Msipange safari ya mjini wakati wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi inayoangukia Jumamosi kati ya tarehe 20 na 26 Juni, isipokuwa mmealikwa. Watu huhamia kwenye vijumba vyao vya ziwani, maduka mengi hufungwa, na mtabaki na mji mtupu wenye usiku usio na giza kamili. Desemba urefu wa mchana wa Tampere ni kama saa sita tu au pungufu, lakini jioni ya tarehe 6, siku ya uhuru, mishumaa miwili huwashwa madirishani, na sauna zina maana zaidi wakati wa baridi kuliko wakati wowote. Mimi ningechagua mwisho wa Agosti hadi Septemba: matunda yapo msituni, ziwa bado linaogeleka, na kantini zimeshafunguliwa baada ya likizo. Sauna za umma hazifunguliwi saa zilezile kila siku, kwa hiyo angalieni ratiba kabla ya kupanda tramu, na mbebe taulo mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifutia.